Usiache vidonge vya thairoidi kwa sababu umepata mimba

"Nilipojua nina mimba niliacha vile vidonge, nisije nikamdhuru mtoto." Kauli hii imesikika kliniki mara nyingi mno, na inaumiza, maana anayedhurika ni mtoto huyohuyo. Levothairoksini, ndiyo dawa iliyo kwenye vidonge hivyo, ni homoni ileile ambayo thairoidi, tezi iliyo shingoni mwako, ingetoa kama ingekuwa na nguvu. Kijusi huanza kutengeneza yake karibu na wiki ya 12, na haimtoshi mpaka wiki ya 18 au 20. Kabla ya hapo ubongo wake unategemea homoni ya mama. Ukiacha dawa, hata hatari ya mimba kuharibika inaongezeka.

Tena kuendelea na dozi ya zamani hakutoshi. Mahitaji hupanda kwa asilimia 20 hadi 30: aliyekuwa akimeza kidonge kimoja kila siku, yaani 7 kwa wiki, sasa ameze 9, siku mbili za wiki akimeza viwili. Kubaliana na daktari kuhusu hili kabla hujabeba mimba, ili uanze siku ileile kipimo cha mkojo kinapoonyesha. Kisha kapime TSH, kipimo cha damu ambacho hupanda homoni ya thairoidi inapopungua. Usingoje kufungua kadi mwezi wa tano! Rudia kila wiki 4 hadi katikati ya mimba, na mara moja karibu na wiki ya 30.

Meza kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vipishane nayo kwa saa 4, kwani huizuia isifyonzwe. TSH ikigoma kushuka, chunguza hilo kwanza kabla ya kupandisha dozi.

"Shingo haijavimba, nipime nini?" Wengi wenye upungufu wa homoni hii hawana goita, na uchovu au kufunga choo huletwa na mimba yenyewe. Pima mapema kama umewahi kuugua thairoidi, una kisukari cha aina ya kwanza, mimba zimewahi kuharibika, ulihangaika kupata mtoto, au ndugu wa damu anaugua thairoidi. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini viache siku 2 kabla; hupotosha majibu.

TSH ya chini nayo si lazima iwe ugonjwa. Kati ya wiki ya 7 na 12 hCG, homoni ya mimba, huichochea tezi, hasa kwa wanaotapika sana. Pima T4, homoni ya tezi yenyewe, na kingamwili za Graves, ugonjwa unaoifanya tezi itoe homoni kupita kiasi, kabla ya kuandika dawa.

Kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni ya thairoidi iliyozidi, ni habari nyingine: inaweza kuleta kasoro za maumbile, zaidi wiki ya 6 hadi 10. Anayeitumia ampigie daktari siku hiyohiyo, aamuliwe kusimamisha au kuhamia PTU, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo.