Saratani ya Ini na Mionzi Inayoongozwa na Picha: Mnayotuuliza

Mionzi inayoongozwa na picha ni ipi?
Kila siku, kabla ya kuwasha miale, tunakupiga picha ukiwa umelala palepale kwenye kitanda cha mashine. Tunailinganisha na CT scan tuliyopangia tiba, kisha tunasogeza kitanda mpaka uvimbe ukae tunapoulenga.

Usumbufu wote huo wa nini?
Ini halitulii. Ukivuta pumzi linashuka, ukitoa linapanda, hata sentimita moja au mbili. Majirani zake ni mfuko wa chakula, utumbo na figo ya kulia. Ndiyo maana wengine huambiwa wabane pumzi, au huwekewa vichembe vya dhahabu karibu na uvimbe ili vionekane kwenye picha.

Kwa nini mnatukataza kula kabla ya mionzi?
Mtu anakuja ameshapiga chapati mbili. Picha inaonyesha mfuko wa chakula umefura, umeingia mahali ambapo jana haukuwepo. Anarudishwa kwenye benchi. Na tafadhali, chai ya maziwa nayo ni chakula.

Nijaribu kwanza miti shamba, ikishindikana nije?
Hapana. Mgonjwa anatufikia miezi minne baada ya utrasaundi ya kwanza, bahasha ya picha imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni, macho ya manjano, tumbo limejaa maji. Miale inaua uvimbe, lakini hata tukilenga vizuri, ini linalouzunguka nalo linaguswa. Linatakiwa liwe na akiba ya nguvu. Likishachoka kiasi hicho, hatuwashi mashine. Na baadhi ya mizizi hiyo yenyewe ni sumu ya ini.

Nikichanganya na mionzi?
Hapana.

Kuchanjwa chale tu, ubavuni?
Hapana pia! Chale haiondoi uvimbe. Wembe uliopita kwa watu wengine unaweza kukuachia virusi vya homa ya ini B, ambavyo ni chanzo kikubwa cha saratani hii hii.

Nina homa ya ini B, lakini siumwi popote. Nisubiri?
Usisubiri. Uvimbe wa ini ukiwa mdogo mara nyingi hauumi, na ndio unaolengeka vizuri, pengine kwa vipindi 3 hadi 5 tu vya mionzi. Muulize daktari kuhusu utrasaundi ya kila miezi 6. Mashine za mionzi Tanzania ziko hospitali chache, Ocean Road ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza zikiwemo. Safari peke yake inakula siku. Picha ikionyesha kitu, omba rufaa wiki hiyohiyo. Na picha za zamani usizitupe, njoo nazo zote.