Mlezi wa kituo, toa taarifa leo. Uchunguzi tuachie sisi

Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinatuletea taarifa za ukatili, na tunashukuru. Shida ni kwamba nyingi hufika zimechelewa. Alama ilionekana Jumatatu, mlezi akamweleza mmiliki, mmiliki akamwita mama, mama akaomba yaishe kifamilia. Afisa ustawi wa jamii anapigiwa simu wiki ya pili, mtoto keshapelekwa kwa bibi mkoa mwingine.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Ushahidi au taarifa, haijasema uhakika. Kwa hiyo ile kauli ya "nisije nikamchafulia mtu jina" tuiache. Kumwita anayelalamikiwa ni kazi ya afisa ustawi, na akikaidi shauri huenda mahakamani.

Kazi yako ni kuandika kwenye daftari ulichokiona, siku hiyo hiyo: "Saa 1:40 asubuhi, kaletwa na shangazi. Paja la kushoto lina michirizi mitatu. Nimemuuliza umeumiaje, kasema: waya." Basi. Usiandike "amepigwa na baba wa kambo" kama mtoto hakusema hivyo, wala usimrudishie swali mara tano mbele ya wenzake.

Ukihisi ukatili wa kingono, usimwogeshe. Nguo zilizokwisha kuvuliwa weka kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, chukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, kisha hospitali. Hali ikiwa mbaya, anza hospitali. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na saa hizo hazisubiri kikao cha ukoo.

Kuhusu adhabu, maana huulizwa kila semina: kifungu cha 14 cha Sheria ya Mtoto kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni tano, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote, kwa anayekiuka haki za mtoto zilizotajwa katika sehemu hiyo ya sheria. Makosa ya kingono yana sheria yake, na vifungo vyake ni vya miaka mingi.

Ofisi ya kata ikiwa imefungwa, piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, bure. Kituo cha polisi hakifungwi Jumapili.