Makaa ya mawe ya Ludewa yalisalimika kwa sababu ardhi ilipasuka

Kuna swali nimeulizwa Ludewa zaidi ya mara moja, na kila mara anayeuliza ni mtu anayeijua ile ardhi kuliko mimi, analima pale na babu yake kazikwa pale. Kwa nini makaa ya mawe yapo kule chini Nkomang'ombe, halafu huku juu milimani hupati hata kipande, wakati wilaya ni moja na mvua ni ile ile? Swali zuri sana hilo, na ukilijibu vizuri umeshaeleza karibu jiolojia yote ya upande wetu wa Ziwa Nyasa, kwahiyo leo nalijibu kwa kirefu, maana tukija fildi huwa tunakimbizana na jua na watu wanabaki na nusu jibu.

Kwa kifupi: kule chini ardhi ilipasuka ikashuka, ikawa kama bakuli, tope na mchanga na majani vikajaa humo na vikafunikwa, na kilichofunikwa kikasalimika. Huku juu kama kulikuwa na tabaka lolote la umri ule basi mvua na mito vilishalila zamani, tumebaki na mwamba mkongwe wa chini kabisa ambao haukuwahi kuwa na makaa ya mawe.

Sasa twende taratibu.

Miamba ya bonde la mto Ruhuhu ni miamba tabaka, yaani imetokana na kokoto, mchanga na tope lililoletwa na maji au barafu, likatulia, likagandamizwa na mzigo wa juu yake mpaka likawa jiwe. Sisi wanajiolojia tunaiita miamba ya Karoo, ni jina lililotoka Afrika Kusini kwa sababu miamba ya namna hiyo na ya umri huo iko kule pia, iko Zambia, iko Malawi, iko Msumbiji, na kwetu inaonekana vizuri sana kuanzia Ludewa kushuka Ruvuma. Ya chini kabisa ina umri wa kama miaka milioni 300 na ya juu kama milioni 240.

Lile tabaka la chini ndo huwa linawashangaza watu, maana ni kazi ya barafu. Ndiyo, barafu, Ludewa. Wakati huo Afrika ilikuwa imeungana na Amerika Kusini, India, Australia na Antaktika, bara moja kubwa tunaloliita Gondwana, na sehemu kubwa ya bara hilo ilikuwa karibu na ncha ya kusini ya dunia. Ukilikuta hilo tabaka kwenye korongo utalitambua, unaona tope laini lililogeuka jiwe halafu katikati yake kuna bonge la jiwe la ukubwa wa ndoo, pembeni yake kokoto, pembeni kichanga, vyote vimerundikana bila mpangilio. Mto hauwezi kufanya hivyo. Maji yanachambua kama mama anavyopepeta mchele kwenye ungo, vizito vinakaa huku vyepesi vinaenda kule, lakini barafu inabeba chochote na ikiyeyuka inakimwaga hapo hapo ilipofika.

Barafu ilipoondoka ikaacha mabonde yenye maji yaliyotuama, na kwenye vinamasi hivyo ikaota mimea mingi, mmojawapo ukiitwa Glosopteri, una jani lenye umbo la ulimi. Majani na magogo yakaangukia kwenye maji yasiyo na hewa, kwahiyo hayakuoza yakaisha, yakawa mboji, mboji ikafunikwa na tope, tope likafunikwa na mchanga, na ilihitajika mboji nene ya mita kadhaa kubanwa ili ipatikane mita moja tu ya makaa ya mawe. Ndo maana unapoona mshipa wa makaa Mchuchuma, huko huko Nkomang'ombe, au kule Ngaka upande wa Mbinga, ule weusi unaouona ni msitu uliokaa kwa muda mrefu mno kwenye bonde ambalo lilikuwa linaendelea kuzama. Hilo la kuendelea kuzama ndo la msingi. Bonde lisipozama linajaa mara moja halafu basi, mambo yameisha. Bonde la Ruhuhu lilikuwa linazama kidogo kidogo, kwahiyo kila likikaribia kujaa linashuka tena na nafasi inapatikana.

Kilicholizamisha ni ufa. Na hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana neno ufa linawapa watu picha ya shimo refu lililo wazi ambalo ng'ombe anaweza kutumbukia. Mara nyingi ufa tunaousema sisi haujaachama. Ni mahali ambapo upande mmoja wa mwamba umeteleza ukashuka ukauacha mwenzake juu, na mpaka kati yao umebana. Njia nzuri ya kuuona ni kwenye kingo za barabara zilizochongwa. Upande mmoja una mwamba wa mchanga wenye mistari yake imelala kwa mshazari, unaifuata kwa kidole, inakuja, inakuja, halafu ghafla inakatika, na baada ya hapo ni mwamba mgumu wa mkunjo mkunjo usio na undugu wowote na ule wa kwanza. Katikati yao pana ukanda labda wa upana wa mkono mmoja, mawe yamesagika humo mpaka yamekuwa kama unga wenye vipande, panavuja maji, na majani ni ya kijani hata mwezi wa kumi. Ukipapasa uso wa ule mwamba mgumu unakuta laini kama umepigwa msasa na una michirizi, yote imeelekea upande mmoja. Ile michirizi ni alama za mteremko wenyewe, jiwe likisugua jiwe. Mimi kila nikifika mahali kama hapo lazima niweke kiganja, ni miaka mingi sasa na bado sijazoea.

Na ardhi ikishapasuka haisahau. Mipasuko ya enzi ya Karoo ilifuata maeneo dhaifu ya mwamba mkongwe, halafu mamilioni mengi ya miaka baadaye Bonde la Ufa la Afrika Mashariki lilipoanza kufunguka, likapita tena kwenye udhaifu ule ule. Milima ya Livingstone ni ukuta wa ufa huo wa pili. Ukisimama ufukweni Matema ukatazama mashariki unaona mlima umenyooka juu kama umekatwa na panga, hauna vilima vya kuutangulia, na chini ya maji ni hivyo hivyo, hatua chache tu kina kinapotea. Nenda ng'ambo upande wa Karonga nchini Malawi, ardhi inaingia ziwani polepole. Bonde limeinama upande mmoja, upande wetu ndo ulioshuka zaidi. Penye kina kikubwa kuliko pote Ziwa Nyasa linafika kama mita 700, na kwa kuwa uso wa ziwa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, basi sakafu yake kule ipo chini ya usawa wa bahari kabisa. Na chini ya sakafu hiyo kuna mashapo yaliyorundikana kwa kilomita kadhaa, yaani miamba tabaka mipya inatengenezwa sasa hivi tunavyoongea, kila mvua ikinyesha Ludewa na mto Ruhuhu ukageuka rangi ya chai ya maziwa.

Ufa huo uko hai. Disemba 2009 Karonga walipigwa na matetemeko mfululizo, kubwa lao likafika ukubwa wa 6.0, na mwaka 1910 eneo la Rukwa kwenye mkono huu huu wa Bonde la Ufa lilitokea la ukubwa wa 7.4. Nyumba ya tofali bila linta wala nguzo haivumilii mtikisiko wa namna hiyo, na kujenga chini kabisa ya mteremko wenye udongo uliotokana na tope la kale ni hatari hata bila tetemeko, udongo ule ukilowa unateleza kama sabuni.

Turudi kwenye madini, maana najua wengi wanasubiri hapo. Chuma cha Liganga hakitokani na hizi tabaka. Watu huunganisha Mchuchuma na Liganga kwa sababu miradi inatajwa pamoja, serikali inataja tani milioni 428 za makaa ya mawe na tani milioni 126 za chuma, lakini kijiolojia ni vitu viwili visivyojuana. Liganga kule Mundindi ni mwamba mkongwe uliotokana na uji wa moto uliopoa taratibu chini ya ardhi, madini mazito ya chuma, titani na vanadi yakajikusanya pamoja, na umri wake unazidi miaka bilioni moja. Ukichukua sumaku ya spika mbovu ukaisogeza kwenye jiwe lake inanasa pap. Kwahiyo anayechimba chini ya makaa ya mawe akitegemea kukuta chuma cha Liganga anapoteza nguvu zake.

Na dhahabu? Mzee mmoja alitufuata kambini na mfuko wa kaki umefungwa mara tatu, nikamwamkia, akaufungua bila kusema neno, ndani mna mawe meusi yenye vipande vya njano vinavyong'aa kweli kweli. "Mwanangu, niambie ukweli," akasema. Nikachukua kipande cha taili, tukasugua jiwe kwenye mgongo wake ule usio na vioo. Dhahabu ingeacha mstari wa njano. Ukatoka mstari mweusi wenye kijani kwa mbali. Nikampa nyundo agonge mwenyewe, dhahabu ingelala ikawa bapa, ile yake ikavunjika ikawa unga na harufu ya kiberiti ikatoka. Ni pairaiti, madini ya chuma na salfa, yako mengi tu kwenye makaa ya mawe. Mwingine anadanganywa na ulanga, ule unaong'aa mtoni, lakini huo ukiuchokonoa kwa sindano unabanduka kama karatasi.

Pairaiti siyo kitu cha kudharau lakini. Ikifukuliwa ikakutana na hewa na maji inatoa tindikali, ndo unaona kijito karibu na machimbo kinakuwa na tope la rangi ya chungwa na samaki wanapotea. Na mnaookota mabaki ya makaa kwenda kupikia, tafadhali sana, msiyawashe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, mtu analala haamki.

Tabaka za juu kabisa, zile nyekundu za Manda, zina mifupa. Miaka ya 1930 Mwingereza Rex Parrington, mtaalamu wa mifupa ya kale, alikusanya humo mabaki ambayo baadaye yakaitwa Nyasasaurus, na wapo wataalamu wanaoona huenda ndiye dinosaria wa zamani kuliko wote waliopatikana duniani. Mwaka 2010 akatangazwa mwingine, ndugu wa karibu wa dinosaria, jina lake Asilisaurus kongwe, asili na kongwe zote ni maneno yetu, yameandikwa kwenye sayansi ya dunia nzima. Ukikuta mfupa wa jiwe usiung'oe, piga picha, weka alama, toa taarifa kijijini.

Na ukitaka kuleta sampuli, ilete na habari zake, umeitoa wapi, ilikuwa tabaka la ngapi kutoka chini, juu yake kulikuwa na nini. Jiwe lisilo na anuani halitusaidii sana hata kama ni zuri. Yule mzee nilimweleza hivyo hivyo, nikampa mifuko michache na kalamu ya maka. Msimu uliofuata tukamkuta anatusubiri na mfuko mmoja tu, ameandika kwa herufi kubwa, KORONGO LA CHINI YA SHAMBA, HATUA MBILI JUU YA WEUSI. Ndani kuna bamba la tope la kijivu, na kwenye bamba kuna jani lenye umbo la ulimi, mshipa mmoja katikati na mishipa midogo pembeni imesukana kama wavu.