Umenunua shamba, kumbe lina deni: sheria ya Kiyahudi inasemaje?

Sisi tunaoshughulika na sheria za ardhi tumezoea rehani ya siku hizi: kiwanja fulani, hati fulani, benki fulani. Ukifungua Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi wa Kiyahudi, na Talmudi, mjadala wao juu yake, unakuta jambo jingine kabisa. Mkopaji hana haja ya kutaja shamba lolote. Akishaandika hati ya deni yenye mashahidi wawili, ardhi yote aliyo nayo siku hiyo imefungwa na deni. Akiiuza, deni linaifuata hadi kwa mnunuzi.

Tuseme Reubeni amekopa dinari 100 kwa Simeoni mwezi wa Nisani wa kalenda ya Kiyahudi, kwa hati. Ana mashamba matatu. Miezi miwili baadaye, Sivani, anamuuzia Lawi moja, kisha mwezi wa Eluli anamuuzia Yuda la pili. Siku ya kulipa inafika, fedha hana.

Simeoni anaanza na Reubeni mwenyewe. Mishna, kitabu cha Gittin, sura ya 5, inakataza kugusa ardhi iliyokwisha kuuzwa wakati mdaiwa bado ana yake, hata kama iliyobaki ni ile mbovu kuliko zote. Kwa kawaida mdai hulipwa ardhi ya wastani, lakini hapa itambidi aridhike na hiyo mbovu. Isipotosha, anamwendea Yuda, aliyenunua mwisho. Lawi ana jibu lake tayari: niliponunua mimi, nilikuachia pengine pa kujilipa. La Yuda nalo lisipotosha ndipo zamu ya Lawi inafika. Tena Simeoni hachukui shamba la mnunuzi kabla ya kula kiapo kwamba hajalipwa. Mnunuzi mwenye fedha anaweza kulilipa deni akabaki na shamba lake, isipokuwa pale hati ilipolitaja shamba hilo kuwa ndilo pekee la kulipia.

Yuda aliyenyang'anywa anamgeukia Reubeni kudai bei aliyotoa. Bila shaka, Reubeni angekuwa nayo tusingefika huku.

Swali linalonivutia zaidi ni hili: Lawi angejuaje? Hapakuwa na masijala ya ardhi ya kwenda kupekua. Jibu la Talmudi ni kwamba hati ina sauti. Ikisainiwa na mashahidi, habari zinaenea, na anayetaka kununua anaweza kuulizia. Deni la mdomo halina sauti hiyo, kwa hiyo hulipwa kwa mali iliyobaki mikononi mwa mdaiwa tu. Mwishoni mwa Bava Batra, kitabu kimoja cha Talmudi, marabi Ulla na Rabbah wanabishana juu ya asili ya kanuni hii. Ulla anasema Torati yenyewe huifunga ardhi kwa deni lolote, la hati au la mdomo. Wahenga ndio waliowaondolea wanunuzi mzigo wa deni la mdomo, wasipate hasara. Rabbah anaanzia upande wa pili: Torati haimfuati mnunuzi kamwe, wahenga ndio walioruhusu afuatwe kwa deni la hati, ili wenye fedha wasiwafungie mlango wakopaji. Matokeo ni yale yale. Mimi naegemea kwa Rabbah, maana anakiri wazi kwamba mnunuzi anabebeshwa mzigo kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, yule ambaye kesho atahitaji kukopa.

Kwa kuwa kila kitu kinategemea nani alitangulia, tarehe inalindwa kwa ukali. Hati ya mkopo iliyorudishwa tarehe nyuma ni batili. Iliyosogezwa mbele ni halali, kwa kuwa hiyo haimwibii mnunuzi yeyote. Hata hati iliyookotwa njiani hairudishwi kwa mdai, ingawa mdaiwa mwenyewe anakiri deni. Talmudi inahofia kwamba iliandikwa Nisani lakini fedha zikatolewa Tishri, miezi sita baadaye, na aliyenunua katikati ataporwa bila haki. Au wawili hao wamekula njama wamvue mnunuzi shamba, kisha wagawane.

Je, mnunuzi akipata maandishi ya mdai kwamba hatamdai, amepona? Mishna ya Ketubot, sura ya 10, ina kisa cha mume mwenye wake wawili aliyeuza shamba lake. Mke wa kwanza alimwandikia mnunuzi kwamba hana dai naye. Mume akafa. Mke wa pili, ambaye hakuandika chochote, analichukua shamba kwa mnunuzi kwa ajili ya ketuba yake, yaani hati ya ndoa inayomhakikishia mke malipo mume akifa au akimwacha. Wa kwanza, mwenye ketuba ya tarehe ya awali, anamnyang'anya wa pili. Mnunuzi anamnyang'anya wa kwanza, kwa kuwa alikwisha kumsamehe. Kisha wa pili anarudi kwa mnunuzi, na mzunguko unaanza upya, mpaka watatu hao wapatane. Mishna inaongeza kwamba mambo ni hayo hayo kwa wadai wa kawaida. Kwa hiyo Lawi anayetaka kulala usingizi inambidi asainishe kila mwenye hati ya deni iliyotangulia ununuzi wake.