Je, wajua kwa nini tangazo la sumu huandikwa kabla sumu haijamwagika?

Mkazi wa Mwanza akisikia maji yameingia uchafu, anajua la kufanya bila kukumbushwa: chemsha. Kipindupindu kimetufundisha hivyo miaka nenda rudi, na ni mafunzo mazuri. Sasa tuseme lori limepinduka darajani na shehena yake ya kemikali ikateremka na mto hadi ziwani, jirani na bomba linalovuta maji ya mji. Kabla kiongozi yeyote hajafungua mdomo, makundi ya WhatsApp ya mtaa yatakuwa yameshapokea ujumbe: "Chemsheni maji ya kunywa, sambaza kwa umpendaye." Aliyeuandika ana nia njema kabisa. Lakini moto wa jiko huua vijidudu, hauui kemikali. Maji yenye petroli, kiuatilifu au sianidi ukiyachemsha, sumu hubaki sufuriani, au hupanda na mvuke hadi puani mwa anayepika.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuandaa matangazo ya dharura za kemikali mapema. Katika ajali za aina hii, yale tuliyozoea kuyafanya ndiyo mara nyingi yanayotuumiza. Tunakimbia bila kuangalia upepo, tunasogea kuona kulikoni, tunamkimbiza jirani hospitali akiwa na nguo zilezile zilizolowa. Tangazo lina kazi ya kushindana na mazoea, na kikao cha kutafuta maneno ya kushindana na mazoea hakiwezi kuitishwa wakati watu tayari wanakohoa.

Wenzetu wa West Virginia, Marekani, walilipata somo hili kwa njia ngumu. Tarehe 9 Januari 2014, kemikali ya kusafishia makaa ya mawe ilivuja kutoka tangi la kampuni ya Freedom Industries ikaingia Mto Elk, juu kidogo ya mtambo wa maji. Watu wapatao 300,000 wakaambiwa maji ya bomba ni ya kuflashi choo na kuzimia moto tu. Hadi hapo hakuna ubaya. Siku chache baadaye wakaanza kuruhusiwa, eneo kwa eneo, kuyatumia tena. Kisha tarehe 15 ukatoka ushauri mwingine: wajawazito wafikirie kunywa maji ya chupa kwanza. Wapo waliokuwa wameshakunywa ya bomba. Baada ya hapo wengi hawakuyaamini tena yale maji, hata walipohakikishiwa. Swali la mjamzito lilipaswa kujibiwa katika tangazo la kwanza kabisa, hata kama jibu lenyewe lingekuwa "bado tunapima, kwa hiyo asinywe".

Mwanza inalihitaji somo hilo kuliko miji mingi, maana hapa tunakunywa ziwa. Mitambo ya Capripoint na Butimba inavuta maji humo humo tunamovua, tunamosafiria na tunamofulia. Na kemikali zipo, hata kama hatuzioni. Mitambo mikubwa ya kugandisha ya viwanda vya samaki kwa kawaida huendeshwa kwa amonia. Klorini ndiyo inayotibu maji. Malori ya mafuta yanapita mjini usiku na mchana. Migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa inatumia sianidi, na sianidi haioti Geita. Inafika huko kwa barabara.

Kabla ya kuandika neno lolote, mwandishi wa tangazo la Mwanza anatakiwa aujue upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa juu yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja mjini. Usiku nchi kavu hupoa haraka, upepo unageuka na kuelekea ziwani. Wavuvi wa matanga wanalijua jambo hili tangu enzi za mababu: upepo wa nchi kavu huwatoa, wa ziwani huwarudisha. Kwa hiyo amonia ikivuja saa tisa alasiri kwenye kiwanda cha ufukweni, wa kuonywa ni wakazi wa nyumba za vilimani nyuma yake, na ujumbe unapitia kwa wenyeviti wa mitaa. Ikivuja saa tisa usiku, wa kwanza kuonywa ni wavuvi wa dagaa walioko majini na taa zao, na hapo mwenyekiti wa mtaa hana msaada. Wanaotakiwa ni viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe na uvuvi, pamoja na wenye mitumbwi, ambao namba zao za simu ziwe zimeandikwa mahali zamani. Kiwanda ni kilekile na gesi ni ileile, lakini matangazo ni mawili.

Kisha kuna milima. Klorini ina uzito wa kama mara mbili na nusu ya hewa, hivyo hutambaa na kujaa mabondeni. Kwa mji uliojengwa juu ya mawe kama wetu, kupanda juu ni ushauri wa maana. Amonia ni nyepesi kuliko hewa, ila ikitoka mtamboni ikiwa bado kimiminika cha baridi kali huanza kwa kulala chini kama ukungu, na upepo wa ziwani unaweza kuusukuma ukungu huo moja kwa moja kwenye mteremko wenye nyumba. Anayeambiwa "pandeni juu" anaweza kujikuta anapanda pamoja nao. Ushauri ulio salama zaidi ni kwenda ubavuni mwa upepo: angalia moshi wa jiko la mama ntilie unaelekea wapi, usiufuate wala usiukabili, ukate kwa pembeni. Amonia huyeyuka sana kwenye maji, kwa hiyo kanga iliyoloweshwa puani inasaidia kidogo wakati wa kuondoka. Kanga kavu ni pambo tu.

Vitabu vya nje hupenda kusema "ingieni ndani, fungeni milango na madirisha". Ushauri huo ni mzuri kwa nyumba ya vioo. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya dirisha na uwazi kati ya ukuta na bati. Kuwa ndani bado ni afadhali kuliko kusimama barabarani gesi inapopita kwa muda mfupi, ila tangazo liseme wazi: chagueni chumba chenye uwazi mdogo, zibeni matundu kwa mashuka yaliyoloweshwa.

Kuhusu malori, sote tunaikumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na madumu kuchota, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. "Kaeni mbali" haikutosha kamwe, kwa sababu mbali ya mwenye dumu ni hatua kumi. Tangazo litaje umbali: tangi la mafuta likishika moto, mita 800 kila upande. Pia liwape watu kazi ya maana kuliko kuchota. Lori likiwa na bamba la rangi ya chungwa, namba ya chini hutaja mzigo: 1203 ni petroli, 1005 amonia, 1017 klorini, 1689 sianidi ya sodiamu. Bodaboda aliye mbali, upande upepo unakotokea, anaweza kuivuta kwa kamera ya simu na kuwasomea Zimamoto kupitia 114. Tarakimu nne hizo zinaamua tangazo lipi litolewe kabatini.

Kuchelewa nako kuna gharama yake. Mei 1998 huko Kyrgyzstan, lori la mgodi wa dhahabu wa Kumtor lilitumbukia Mto Barskoon, unaomwaga maji yake katika Ziwa Issyk-Kul, likamwaga kiasi cha kilo 1,700 za sianidi ya sodiamu. Wanavijiji wa mtoni walipewa habari saa kadhaa baadaye. Yeyote anayepanga kwa ajili ya barabara za Geita aisome ajali hiyo, na katika tangazo lake aongeze sentensi moja ambayo wageni wasingeifikiria: samaki wakielea, msiokote, msianike, msiuze.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya chini, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Watu wapo. Kinachotakiwa ni karatasi yenye nafasi za kujaza, kwa mfano:

"Saa ___ gesi ya ___ imevuja ___. Upepo unaelekea ___. Walioko ___ waondoke sasa kwa miguu kupitia ___. Walioko ___ wabaki ndani. Hatujajua bado ___. Tutasema tena saa ___, hata kama hakuna jipya."

Mimi naona mistari miwili ya mwisho ndiyo inayojenga imani, na ndiyo viongozi huifuta kwanza. Msemaji awe mmoja, mganga mkuu wa mkoa kwa mfano, wala si afisa uhusiano wa kampuni iliyomwaga. Radio Free Africa inasikika mbali, lakini vipaza sauti vya misikiti na makanisa hufika hata umeme unapokatika majumbani, vikiwa na betri. Na iwepo nakala ya Kisukuma, iliyotafsiriwa mchana kweupe na mtu aliyetulia.

Jambo moja husahaulika karibu kila mara: nguo. Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya kemikali mwilini, na hospitali inatakiwa iwaogeshe watu nje kabla hawajaingia wodini na kuwadhuru wauguzi. Mwambie mama mtu mzima avue nguo uwanjani mbele ya wakwe zake, atageuza njia arudi kwake na sumu yake. Kwa hiyo tangazo liseme kwamba wanawake wana sehemu yao iliyozungushiwa turubai, wahudumu ni wanawake, na kanga safi zipo. Na hilo turubai liwe limenunuliwa kweli.

Karatasi ikishaandikwa, ipelekwe soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi moja. Wasomeeni wauza dagaa mara moja tu, kwa sauti, kisha waombeni waonyeshe kwa mkono wangeelekea wapi. Wakionyesha pande tofauti, iandikwe upya.