Mabaki ya chikichi: kinachobaki baada ya mawese kukamuliwa

Mikungu ya chikichi ikifikishwa kwenye mashine ya kukamua, mafuta yanayopatikana ni chini ya robo ya uzito wote, hata kwenye viwanda vikubwa vya kisasa. Kinachosalia ndicho kinaitwa mabaki ya usindikaji: mikungu mitupu, makapi, vifuu (maganda magumu ya kokwa), mashudu na maji machafu. Kuyaongezea mabaki thamani ni kuyatafutia kazi ya pili ambayo malipo yake yanazidi gharama ya kuyakusanya na kuyasafirisha. Habari ya gharama ndiyo husahaulika sana kwenye semina za ujasiriamali.

Wenzetu wa Mtwara na Lindi wana korosho, na ganda lake lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Viwanda huyatumia kutengenezea bitana za breki na vanishi, lakini kuyatoa kunahitaji mitambo na tahadhari. Sisi wa Kigoma tuna mchikichi, ambao mabaki yake unaweza kuyashika kwa mikono mitupu.

Tuanze na kokwa, maana hapo ndipo penye fedha. Nyama ya nje ya tunda hutoa mawese. Kokwa likipasuliwa, kiini chake hukamuliwa kikatoa mafuta ya mise, ambayo ni tofauti kabisa na mawese. Karibu nusu yake ni asidi ya loriki, na hiyo ndiyo inayoipa sabuni povu jingi. Sabuni ya mawese matupu husafisha vizuri, ila utaisugua sana kabla hujaona povu. Kwa hiyo mtengeneza sabuni anayejua kazi yake huchanganya yote mawili. Shida ni kupasua. Mama anayeketi na jiwe, akipiga kokwa moja baada ya jingine, anatumia saa nyingi kujaza debe, na mara nyingi anayefaidi ni mnunuzi mwenye mashine. Kikundi kikipata mashine ya kupasulia, faida hiyo hubaki kijijini.

Kiini kikishakamuliwa hubaki mashudu. Ng'ombe wa maziwa huyala vizuri. Kuku uwape kidogo tu, kwani yana nyuzinyuzi nyingi na vipande vya kifuu ndani yake.

Vifuu vyenyewe ni kuni nzuri: vinawaka kwa joto kali na kudumu, na vikichomwa kwa hewa kidogo hutoa mkaa mgumu unaoweza kusindikwa zaidi uwe mkaa wa kuchujia maji. Makapi ya nyama ya tunda bado yana mafuta, hivyo hushika moto upesi. Ndiyo maana mwenye mashine mwerevu hanunui kuni za kuchemshia pipa la matunda linalofuata, na miti ya milimani inapona.

Mikungu mitupu ina mjadala wake. Ina potashi nyingi, kirutubisho ambacho mchikichi wenyewe unakihitaji sana. Ukiitandaza chini ya miti, inaoza polepole, inahifadhi unyevu na kurudisha rutuba. Ukiichoma, majivu yake yakichujwa kwa maji hutoa maji makali ya kupikia sabuni, ingawa sabuni hiyo itakuwa laini, ya kuchota, kwa sababu potashi haiifanyi iwe ngumu kama inavyofanya kostiki soda. Kwa maoni yangu, shamba likiwa jirani, rudisha mikungu shambani. Likiwa mbali, peleka majivu, maana kulipia usafiri wa mikungu iliyojaa maji ni hasara tupu.

Yanabaki maji machafu, yale ya kahawia yanayonuka uchachu. Kiwanda kikubwa hutoa kiasi cha tani mbili na nusu za maji haya kwa kila tani ya mawese. Hayana sumu, lakini yakiingia mtoni vijidudu vinavyoyaozesha humaliza hewa ya oksijeni ambayo samaki wanaihitaji, na mito yetu mingi inaishia Ziwa Tanganyika. Kwanza yaache yatulie kwenye shimo au pipa, uengue mafuta yanayoelea, maana bado yanafaa kwa sabuni. Gesi ya kupikia inawezekana pia, ila mtambo wake unataka kulishwa kila siku, na mashine nyingi ndogo hukamua sana msimu wa mavuno kisha zikapoa. Kwa hizo, mashimo mawili au matatu yanayopokezana maji yanatosha.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kununua mitambo: michikichi mingi ya zamani ni aina ya dura, yenye kifuu kinene. Miche inayosambazwa sasa, ikiwemo ya kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ni tenera, yenye nyama nyingi na kifuu chembamba. Mawese yataongezeka, vifuu vitapungua. Anayepanga kuishi kwa mkaa wa vifuu aulize kwanza mashamba yanayomzunguka yamepandwa aina gani.