Simu Moja Mezani Haitoshi Kunukuu Mkutano Mkuu

Msimu huu wa mikutano mikuu ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya masoko ya mazao, hapa Moshi, kitengo chetu cha Tehama kinapokea malalamiko yaleyale: katibu kaweka simu mezani, programu imegeuza sauti kuwa maandishi, kisha wanachama wanayakana maneno waliyoandikiwa. Tunawapongeza makatibu kwa kujaribu. Ila tuelewane, simu haijaharibika.

Programu hizi hufanya vizuri pale mtu mmoja anapozungumza karibu na maikrofoni. Ukumbi wa bati wakati wa masika ni habari nyingine. Mvua ikipiga, sauti hafifu kama f, s na h ndizo hupotea kwanza. Katika muhtasari mmoja tulioletewa, mjumbe aliyesema "hatukubali makato" ameandikwa "tukubali makato". Silabi moja imemezwa, azimio limegeuka. Baadhi ya programu hata hubuni sentensi nzima penye kelele au ukimya.

Tatizo kubwa zaidi ni watu kusema kwa pamoja. Mtafiti wa Uingereza, Colin Cherry, alilichunguza mwaka 1953: binadamu huweza kufuata sauti moja kati ya nyingi, na kuwa na masikio mawili humsaidia. Maikrofoni moja hupokea sauti zote zikiwa zimechanganyika, na kuzitenganisha baadaye ni kama kutoa maziwa kwenye chai. Maikrofoni kadhaa husaidia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo iliyo mbali zaidi kwa mita moja huipata ikiwa imechelewa milisekunde tatu hivi, na kwa tofauti hiyo kompyuta hukisia msemaji yuko upande gani. Kujua nani kasema ni kazi tofauti na kujua kasema nini. Ndiyo maana maneno ya mwenyekiti huangukia kwa mhasibu. Si hujuma, na kuongeza sauti ya spika hakusaidii; kunaongeza mwangwi.

Utaratibu ni huu. Kabla ya ajenda ya kwanza, mwenyekiti atangaze kwamba sauti inarekodiwa na kwa matumizi gani. Tangazo hilo lisikike kwenye rekodi na liandikwe kwenye muhtasari. Maikrofoni ya mkononi ishikwe na mmoja kwa wakati, naye ataje jina kabla ya hoja. Rekodi halisi isikatwe wala isihaririwe. Katibu asikilize upya kila azimio, kila tarakimu na kila kura kabla ya saini. Marekebisho yathibitishwe kikao kinachofuata, si kwa simu usiku.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sauti inayomtambulisha mtu imo. Kurusha rekodi ya mkutano kwenye kundi la WhatsApp kinyume cha sheria kunaweza kukuletea faini, kifungo au vyote viwili. "Na mimi nilitumiwa tu" si utetezi. Kumbukeni pia kwamba programu nyingi hupeleka sauti kwenye seva za nje ya nchi, jambo lenye masharti yake. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Chama kinachotaka tukikagulie ukumbi kilete barua yenye mhuri mapema. Siku ya mkutano wenyewe hatuji.